Chungwa Katika Mkoba wa Kocha

Mwanangu, umenicheka kwa hilo chungwa msimu mzima. Usikatae, nimekusikia kule stoo ukiwaigizia wenzako ninavyolimenya. Wachezaji wananiita Papa Orange mpaka wageni wanadhani ndilo jina lililo kwenye pasipoti yangu. Haya, chekeni. Kicheko sikiogopi hata kidogo. Ninachokiogopa nitakuambia leo, kwa sababu wiki ijayo funguo za stoo zinakuwa zako na timu ya besiboli ya chuo chetu inakuwa yako, na sitaki uichukue kazi hii bila kuichukua na hofu yake.

Iko siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, jua limetoka kidogo, lile jua la Brussels la kukudanganya uvue koti. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, damu moto na masikio mazito.

Wewe unanijua mzee, hunijui kijana. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Besiboli nilifundishwa sekondari na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, tukipiga mpira kwa gongo la mpera, watu wazima wakipita na kutuuliza kama tumerogwa. Nikaja huku kusoma, nikaanza kusaidia timu ya chuo, na yule kocha mzee alipostaafu wakubwa wakanipa nafasi yake kwa mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka mmoja tu. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zinaitegemea kazi hiyo. Nikishinda ninabaki, nikishindwa uwanja wanapewa watu wa kandanda na mimi ninafunga virago. Kwa hiyo nilikuwa ninaogopa hata wakati huo, lakini niliogopa kitu kisichostahili kuogopwa. Niliogopa kushindwa.

Mdakaji wangu alikuwa binti wa miaka ishirini, jina lake Nsimire, mzaliwa wa Bukavu, mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi. Unajua mwenyewe kazi ya mdakaji: unachuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago cha chuma usoni, na kila mpira unaorushwa unakuja kwako. Mrushaji wetu alikuwa na mkono mzito kiasi kwamba wavulana wawili walikuwa wamekataa kumdakia. Nsimire alimdakia huku akiimba mapambio. Bila yeye sikuwa na timu, nakwambia wazi.

Mwanzo wa mwaka nilikwenda kumwomba kwa mama yake. Binti ni mtu mzima, Wabelgiji wangenishangaa, lakini mimi nimelelewa hivyo: huchukui mtoto wa mtu bila kupiga hodi. Maman Nsimire alikuwa na duka la vitenge Chaussée de Wavre, kule Matonge, mtaa wa Wakongo, mwanamke mfupi, mpole, mwenye macho yasiyokuacha. Aliacha kukunja vitenge, akanitazama, akasema, "Bon. Ni huyu tu Mungu alinibakishia. Vile nakupatia, njo vile utanirudishia." Nikaapa nitamrudisha mzima. Kuapa ni rahisi, mwanangu, mdomo haulipi kodi.

Basi Jumamosi hiyo tulikuwa tunacheza na wanafunzi wa Antwerp. Mechi hiyo ndiyo ingeamua kama tunasonga mbele, na mkubwa wa michezo wa chuo, mwenye kuamua mkataba wangu, alikuwa amekuja kutazama, amekaa kwenye benchi na miwani yake ya jua. Saa sita hivi mchana tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Mpigaji wao, pande la mtu, akazungusha gongo kwa nguvu zake zote, akaukosa mpira. Gongo likamzunguka likarudi nyuma. Ncha yake ikampiga Nsimire ubavuni mwa kichwa, juu kidogo ya sikio, na kofia yake ngumu ikaruka.

Nilisikia mlio wake. Ningeweza kukuigizia, lakini sitaki.

Nilikimbia. Nilimkuta amepiga magoti, ameshika udongo kwa mikono miwili. Mwamuzi naye akaja, Mflemi mmoja mstaarabu, Mbelgiji wa kaskazini, na sheria ilikuwa wazi: akiona mchezaji hayuko sawa anamtoa. Hapo ndipo nilipofanya ujanja wangu. Nilimuuliza Nsimire kwa Kiswahili. Si kwa sababu ya upendo, mwanangu. Nilimuuliza kwa Kiswahili ili mwamuzi asielewe, na nilimuuliza vile tunavyosalimiana barabarani, kwa haraka, ninatabasamu.

"Nsimire, habari?"

"Muzuri, tonton," akasema; tonton ni mjomba, ndivyo walivyoniita.

Nikamgeukia mwamuzi nikamwambia kwa Kifaransa, amesema yuko sawa. Na wakati ninageuka niliona, kwa pembe ya jicho, kwamba mdomo wa Nsimire ulikuwa umefunguka tena. Alikuwa na neno la pili. Niliuona ule mdomo kama ninavyokuona wewe. Nikapiga makofi, nikasema "Twende kazi!", nikarudi benchi.

Akadaka mpaka mwisho. Tukashinda. Yule mkubwa wa michezo akaja kunishika mkono, akasema tutaonana Jumatatu kuhusu mkataba. Wallahi nilijiona nimeukata.

Nilikuwa nimeleta machungwa ya kuwagawia. Nsimire alichukua moja, akalimenya nusu, akalipeleka puani, akalirudisha kwenye mfuko. "Hii chungwa haina harufu," akasema. Nikamtania kwamba mtoto wa Bukavu huyo, ameshazoea matunda ya kwao, ya Ulaya hayamtoshi. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akasema anakwenda nyumbani kulala kidogo. Nikamwambia kapumzike, binti yangu, umetutoa kimasomaso. Akapanda tramu peke yake.

Saa tisa nilikuwa Matonge. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Maman Nsimire, kujisifu, nini kingine? Niliingia nikiwa bado nimevaa jezi. Kulikuwa na wateja wawili wanachagua vitenge, na mimi nikaanza kusimulia kwa sauti jinsi binti yake alivyotuokoa.

Maman akasubiri nimalize. Kisha akauliza, "Nsimire iko wapi?"

Nikasema nadhani yuko nyumbani.

"Unazania?" Akatazama saa ya ukutani. "Aliniambia saa tisa kamili iko hapa. Yeye hachelewaka. Iko wapi mutoto, tonton?"

Akachukua simu akapiga. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Ndipo nikasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba aligongwa kidogo kichwani lakini yuko salama, nilimuuliza mwenyewe.

Sijawahi kuona uso unabadilika hivyo. Aliwatoa wateja wale kwa upole, akafunga duka, akatoka na ndala miguuni. Tulikwenda kasi mpaka Porte de Namur, watu wamejazana na mifuko yao ya Jumamosi, na sisi tunapasua katikati yao bila kuomba radhi. Vituo vitatu tu vya metro mpaka Porte de Hal, kisha kutembea kidogo ndani ya mtaa wa Saint-Gilles. Vituo vitatu! Huo ndio mwendo mrefu kuliko yote niliyowahi kwenda, nami nimetoka Kigoma kwa treni.

Ndani ya metro alinigeukia. Hakupaza sauti.

"Ulimuuliza namna gani?"

"Nilimuuliza habari."

"Na luga gani?"

Nikaanza kusoma majina ya vituo juu ya mlango.

"Na luga gani, tonton?"

"Kiswahili."

"Ili muzungu asisikie." Hakuuliza, alisema. Kisha akatazama chini. "Wewe uko muntu wa kule. Unajua batoto betu. Ukimuuliza mutoto habari, atakuambia muzuri. Nyumba inaungua moto, atakuambia muzuri, kisha njo anasema, lakini nyumba inaungua. Ile lakini yake, uliingoja?"

Mwanangu, nilitaka metro ifunguke nitumbukie relini. Maana ni kweli. Nani kati yetu hajui? Kule kwetu unapiga simu nyumbani, "Habari za huko?" "Nzuri." "Wazima?" "Wazima kabisa." Halafu, baada ya kukohoa kidogo, "Lakini baba yako tumemzika jana." Ndiyo adabu yetu. Salamu kwanza, msiba baadaye, na mkubwa ndiye anayengoja mpaka msiba ufike. Nsimire alinipa salamu kama alivyofunzwa, akafungua mdomo anipe na msiba wake, na mimi mkubwa wake nikampa mgongo.

Wao walikaa ghorofa ya nne, nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, ngazi nyembamba. Maman alitangulia. Nilisikia pumzi yake. Kila ghorofa nilijiambia: atafungua mlango, atatucheka. Ghorofa ya pili, atatucheka. Ya tatu, ee Mungu, atucheke tu.

Hakuna aliyefungua. Maman alitia ufunguo, tukaingia. Nsimire alikuwa amelala kitandani na viatu vyake vya uwanjani, udongo umechafua shuka. Alikuwa anakoroma. Mkoromo mzito, wa mapengo, si wa binti wa miaka ishirini. Maman akamwita. Akamwita tena. Akamtikisa bega, akamwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nalijua. Jicho moja likafunguka nusu, likatazama pembeni, likajifunga.

Nilipiga simu ya dharura. Walikuja upesi, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na yule mwanamke, huku anampima, akaniuliza mimi niliyesimama na jezi: imekuwaje, saa ngapi, je, alilalamika maumivu?

Sikiliza hapa vizuri. Jibu lilikuwa mdomoni tayari: hapana, hakulalamika. Na lingekuwa kweli! Kila neno kweli. Nilimuuliza, akasema nzuri, mwamuzi ni shahidi. Nilimfikiria yule mkubwa wa michezo na Jumatatu yake. Nilifikiria karatasi zangu. Nilikuwa mwoga, mwanangu, woga mbaya, ule wa kuikimbiza ngozi yako na kuacha ya mwenzako motoni. Nikamtazama Maman. Alikuwa amepiga magoti, amekumbatia miguu ya mwanawe yenye viatu, ananitazama.

Nikasema, "Alitaka kusema. Mimi sikumpa nafasi. Alipigwa na gongo saa sita, nikamwacha acheze karibu saa nzima. Na baadaye alisema chungwa halina harufu."

Yule mwanamke akainua kichwa. "Chungwa?" Akarudia maneno yangu kwenye redio yake, yote, na saa zake, na chungwa, na nikaona mikono yao imeongeza kasi. Wakamteremsha zile ngazi nyembamba wamembeba kwenye kiti, kichwa kimefungwa.

Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu. Walimpasua jioni ile ile. Tulikaa kwenye korido, mimi na Maman, na kiti kimoja kitupu katikati yetu. Yeye alishika rozari yake, mimi nilisoma kila dua niliyofunzwa Ujiji, na nyingine nikazikosea nikaanza upya. Kila mlango ulipofunguka nilitamani aliyetoka asinione. Hapo ndipo nilipouelewa ule usemi wa wazee, majuto ni mjukuu. Nilikuwa nausema tangu shule bila kujua unamaanisha nini.

Daktari alipotoka alisema ataishi. Akasema pia kwamba kuchelewa kungezidi kidogo, angekuwa anatuambia jambo lingine. Maman Nsimire akalia kwa sauti, mara ya kwanza siku ile. Mimi nikaketi sakafuni, mbele za watu, na sikuona haya.

Nsimire aliishi. Alipoteza mwaka wa masomo na harufu hazikurudi kamwe. Leo ni mhandisi, ana watoto, anasimamia madaraja, lakini sombe ya mama yake, kile kisamvu cha kwao, anakula kwa kukumbuka tu. Aliniambia siku moja kwamba mwanawe wa kwanza alipozaliwa, kila mtu alimnusa kichwani na kusema, ah, harufu ya kitoto. Yeye alimnusa pia, na hakupata kitu. Aliniambia bila hasira. Nilitamani angekuwa na hasira.

Jumatatu ile mkataba ulikuwepo mezani. Nilikataa kuusaini, nikaeleza kila kitu, nikaenda Matonge kumwambia Maman kwamba nimeacha ukocha. Nilitarajia anishukuru, unajua? Nilitarajia aseme, vyema, tonton, umefanya uungwana.

Alimaliza kukunja kitenge alichokishika. "Unaacha," akasema. "Na ule atakuja nyuma yako, iko na woga kama yako?"

Nikasema sijui.

"Mimi najua. Hana. Atakuja na kichwa nguvu vile ulikuwa nayo juzi, na atatafuta mutoto mwingine wa kumujifunzia. Alors sisi tutakuwa tunalipa kila siku?" Akanisogelea mpaka kidole chake kikagusa kifua changu. "Rudia kule. Bakia na ile woga yako. Itatulindia batoto."

Nikarudi. Wakubwa walininyima mkataba wa kudumu, wakaniongezea mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha mwingine, na hivi ndivyo nilivyozeekea kazini, kwa mwaka mmoja mmoja. Sikutwaa vikombe vingi. Wewe mwenyewe majira ya kuchipua yaliyopita ulinuna nilipomtoa mrushaji wetu tukiwa tunaongoza, eti amejikwaa tu. Tukapoteza mechi. Alikuwa mzima kabisa yule kijana, daktari alisema hana hata mchubuko. Na mimi nililala usingizi mtamu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mnapocheka, mimi huwa nasikia sauti ya nyumba isiyo na kilio.

Sasa unajua la chungwa. Chungwa si daktari, usije ukajidanganya. Daktari utamwita kila mara, mapema, hata wakikuona mshamba. Chungwa ni kwa ajili yangu mimi, ili nikae chini. Mtoto akigongwa ninamtoa, ninaketi naye kwenye nyasi, ninaanza kumenya taratibu, ganda lisikatike. Namuuliza habari. Ananiambia nzuri. Wote wanasema nzuri, hata Wabelgiji wameshajifunza uongo huo. Ninaendelea kumenya. Simwangalii sana usoni, sina haraka ya kwenda popote. Na kabla ganda halijaisha, ile lakini yake, ikiwa ipo, inatoka: "Lakini kocha, naona mbilimbili." "Lakini kocha, jana sikulala, nyumbani kuna matatizo." Nimeyasikia mengi kwa njia hiyo, na mengi hayakuhusu mpira.

Basi nakuusia, mwanangu, na wewe mwingine unayenisikia ambaye hujawahi hata kushika gongo, maana kila mtu siku moja atakabidhiwa mtoto wa mwenzake, awe mwalimu, au muuguzi, au kaka mkubwa nyumbani. Aliye chini yako akikuambia nzuri, bado hajakujibu, amekuheshimu tu. Kaa naye mpaka akujibu. Lugha ya mama yako isiwe mahali pa kumfichia mtu maumivu yake. Ukiulizwa imekuwaje, sema yote, na lile linalokuchoma liwe la kwanza. Wala usiuonee aibu woga wako ilimradi unamwogopea mwenzako. Ukijiogopea nafsi yako tu, huo utupe.

Mungu akupe wachezaji wazuri na magoti yenye nguvu. Akunyime kila ushindi utakaotaka kichwa cha mtoto wa mtu. Akupe masikio mepesi kuliko niliyokuwa nayo mimi, na mkono usio na haraka. Na jioni ya kila mechi, mama yeyote akisimama mbele yako akakuuliza, "Mutoto wangu iko wapi?", Mungu akujaalie uwe unajua.